Mwaka wa pili Mtwara, na ndoto ya uzamivu: uanzie wapi?

Swali

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu hapa Mtwara, masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Historia. Nyumbani ni Tandahimba, wazazi ni wakulima wa korosho, na katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Nimesoma kuhusu programu ya Marekani inayochukua wanafunzi wa familia kama yetu wakiwa bado shahada ya kwanza, wanapewa profesa wa kufanya naye utafiti na kuandaliwa kwa ajili ya uzamivu (PhD). Je, naweza kuomba? Kama siwezi, nifanye nini hapa nilipo katika mwaka na nusu uliobaki? GPA yangu ni 3.9. Baba anataka nikimaliza nitafute kazi nisaidie wadogo zangu, na sijui nimwambie nini.

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nianze na lile litakalokuumiza ili tulimalize mapema: programu hiyo huwezi kuomba. Inaitwa McNair, inagharamiwa na serikali ya Marekani, na inapokea raia wa huko au wenye ukaazi wa kudumu tu. Lakini umefanya vizuri kuisoma, kwa sababu waliyoigundua kuhusu wanafunzi wa aina yako ni ya kweli hata Tandahimba, na sehemu kubwa ya wanachokifanya haihitaji dola.

Jina lake linatokana na Ronald McNair, aliyezaliwa mwaka 1950 huko Lake City, mji mdogo wa mashamba katika jimbo la South Carolina, enzi ambazo Weusi walitengwa kwa sheria. Alipokuwa na miaka 9 alikwenda maktaba ya mji kuazima vitabu, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake, akagoma kuondoka mpaka polisi wakaitwa. Aliondoka na vitabu. Mwaka 1971 alihitimu fizikia North Carolina A&T, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi, na mwaka 1976 akapata uzamivu pale MIT katika fizikia ya leza. Baadaye akawa mwanaanga, akafa na wenzake sita chombo cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986. Baada ya kifo chake Bunge la Marekani likaanzisha programu kwa jina lake. Angalau theluthi mbili ya wanaochukuliwa lazima wawe wa kipato cha chini na pia wa kwanza katika familia zao kufika chuo. Waliobaki, kwa mujibu wa sheria yake, ni wa jamii ambazo hazionekani vya kutosha kwenye masomo ya uzamivu, wakiwemo Weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini na wenyeji wa asili wa nchi hiyo.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1988 ilianza nyingine, ambayo leo inaitwa Mellon Mays, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotaka kuwa wahadhiri, hasa katika fani za sanaa na jamii. Hiyo ilivuka bahari: inafanya kazi pia katika vyuo vya Afrika Kusini, Cape Town na Witwatersrand vikiwemo. Kwa hiyo usije ukaambiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu.

Sasa wanafanya nini hasa? Ukiondoa maneno mengi ya vipeperushi, mwanafunzi anapewa mwalimu mmoja, wanakubaliana swali moja dogo, anapewa posho ili wakati wa likizo asilazimike kwenda kubeba mizigo, anafanya utafiti, anauandika, anauwasilisha mbele ya watu. Pembeni anafundishwa jinsi ya kuomba nafasi za masomo ya juu: nani wa kumwandikia, maelezo binafsi yanaandikwaje, nani atamdhamini kwa barua. Mtoto wa profesa hayo yote anayasikia nyumbani kwao wakila chakula cha jioni. Anajua tangu utotoni kwamba uzamivu ni kazi ya miaka mitatu hadi sita kwenye swali moja, kwamba hautolewi kwa sababu mtu ni mwerevu, na kwamba mwombaji huwa anamwandikia msimamizi kwanza kabla ya kujaza fomu. Wewe hujasikia, si kwa sababu akili imepungua, bali kwa sababu nyumbani kwenu chakula cha jioni kinaliwa huku mkizungumzia salfa, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na bei ya mnada. Pengo lenyewe ndilo hilo, na linazibika.

Naamini kwa moyo wangu wote kwamba katika hayo yote moja ndilo linalobeba mengine: mtu mzima katika taaluma asome kazi yako mstari kwa mstari, akuambie palipooza, uirudie, aisome tena. Ukilipata hilo mara moja kabla ya kuhitimu, utakuwa umeandaliwa. Ukilikosa, hata GPA ya 4.6 itakupeleka mahali ukashangae wenzako wanazungumza lugha gani. Kwa hiyo katika mwaka na nusu uliobaki usitafute skolashipu. Mtafute huyo mtu, na uwe na kitu cha kumpa asome.

Kabla sijafika kwenye namna ya kumpata, nina neno kuhusu kule unakotoka, kwa sababu nahisi katika barua yako kana kwamba unakuona Tandahimba kama mzigo wa kuufidia. Kusini hapa hapajawahi kukosa utafiti. Kuanzia 1909 hadi 1913 pale Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, mamia ya watu wetu walichimba mifupa ya dinosaria kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, wakaibeba kwa miguu hadi pwani, zaidi ya tani 200. Mifupa ile mikubwa imesimama Berlin mpaka leo, mnyama mmoja ana kimo cha zaidi ya mita 13. Waliopata majina ya kitaaluma kwa kuiandika ni wengine. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, ambaye wageni wale walitegemea sana ujuzi wake, alikuja kukumbukwa mwaka 2007 tu, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii. Vivyo hivyo homa ya chikungunya: sayansi iliielezea kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 huku kwetu kwenye uwanda wa Makonde, na makala zake zikatoka mwaka 1955 kwa majina ya madaktari wa kigeni. Sisemi haya ili ulie. Nasema maarifa mengi yamechukuliwa mlangoni kwenu na watu waliohitaji mkalimani. Wewe humhitaji. Bibi wa Tandahimba atakuambia kwa Kimakonde mambo ambayo hatamwambia mtu aliyeteremka kwenye gari la mradi, na hilo lina uzito mkubwa katika utafiti wa jamii kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuje kwenye swali la utafiti, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Nikimwambia mwanafunzi wa mwaka wa pili aniletee mada, ananiletea "Athari za kilimo cha korosho kwa maendeleo ya elimu mkoani Mtwara." Mada hiyo haitafitiki. Maendeleo ya elimu ni nini? Ni ufaulu, ni madarasa, ni wasichana kumaliza shule? Mkoa mzima utauzungukaje na nauli ya nani? Na athari utaijuaje, wakati hujui elimu ingekuwaje korosho isingekuwepo?

Hebu tuipunguze pamoja, kama tungekuwa tumekaa meza moja. Unajua kwamba mavuno ya korosho yanachanganya kuanzia Oktoba. Unajua pia, kwa sababu umekulia huko, kwamba watoto wanaokota korosho. Basi uliza hivi: je, wanafunzi wa shule ya msingi wanakosa shule zaidi mwezi Oktoba kuliko mwezi Mei? Swali limekuwa dogo mpaka linaonekana halina hadhi. Usidanganyike. Sasa lina jibu, na jibu lipo ndani ya kabati la mwalimu mkuu: daftari la mahudhurio.

Chukua darasa moja lenye watoto 50. Mwezi una siku 20 za masomo, hizo ni nafasi 1,000 za kuwepo darasani. Tuseme unahesabu alama za utoro na unakuta 150. Mahudhurio ni asilimia 85. Fanya hivyo kwa Mei na kwa Oktoba, kwa madarasa kadhaa, kwa miaka mitatu iliyopita. Karatasi, kalamu, kikokotoo cha simu.

Sasa msimamizi mzuri ataanza kukusumbua, na usumbufu huo ndio elimu yenyewe. Atakuuliza kwa nini Mei na si Machi. Kwa sababu Machi kuna mvua na njia hazipitiki, utoro wa mvua utajichanganya na hesabu zako. Kwa nini si Juni au Desemba? Likizo, na tena ni majira ya jando na unyago, watoto wengi wako kwenye shughuli. Atakuuliza kuhusu Darasa la Saba, utamjibu kwamba wanafanya mtihani wao Septemba na hawapo Oktoba, hivyo umewaondoa. Darasa la Nne nalo lina upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka na walimu wanawabana wasikose, kwa hiyo huenda takwimu zao zitakuwa tofauti. Usizifiche, zitenge, zina la kusema. Kisha atakuuliza swali gumu kuliko yote: ukikuta Oktoba imeshuka, utajuaje ni korosho? Labda watoto huchoka tu kila mwaka unapoelekea mwisho. Hapo itakubidi uongeze shule moja ambayo watoto wake hawana mikorosho ya kuokotea, tuseme ya Mtwara mjini. Kama Oktoba inashuka kote kuwili kwa kiasi kilekile, korosho haina hatia. Kama inashuka Tandahimba tu, umepata kitu.

Halafu kuna swali ambalo mwenye macho ya kijijini atalijua kabla ya profesa: daftari linajazwa asubuhi, na mtoto anaweza kuitikia jina saa mbili akatoweka saa nne. Kwa hiyo nenda siku chache ukahesabu vichwa baada ya mapumziko, ulinganishe na kilichoandikwa. Tofauti yoyote utakayoiona, iandike kwenye ripoti kwa lugha ya staha bila kuitaja shule.

Unaona tulipofika? Hatujatoka Mtwara, hatujaomba hela popote, na tayari umegusa mambo ambayo watu wa uzamivu wanayahangaikia: kipimo, ulinganisho, sababu zinazojificha nyuma ya sababu, uaminifu wa data. Ukitaka kujua mtu ameandaliwa kwa uzamivu, usimwulize matokeo aliyopata. Mwulize ni kitu gani kingeweza kumfanya awe amekosea. Akijibu bila kusitasita, huyo yuko tayari.

Vibali havikwepeki. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Afisa Elimu, ndipo mwalimu mkuu afungue kabati. Anza mapema, maana barua hukaa kwenye meza za watu. Na ukishika daftari la watoto, usinakili jina hata moja. Namba zinatosha.

Kuhusu kumpata msimamizi. Chuoni kwenu kila mtu atapangiwa msimamizi mwaka wa tatu, lakini mhadhiri mwenye wanafunzi 30 wa kusimamia hatakuwa na nafasi ya kukusoma hivi ninavyosema mimi. Usimlaumu, ana mzigo. Mfuate mapema, mwaka huu wa pili, kabla foleni haijaanza. Chagua yule ambaye bado anafanya utafiti na anayerudisha kazi za darasani zikiwa na maandishi pembeni, hata kama ni mkali. Mkali anayesoma ni bora mara kumi kuliko mpole asiyefungua karatasi yako. Usiende mikono mitupu ukamwambia "naomba uniongoze kitaaluma". Ombi kama hilo halishikiki. Mwandikie barua fupi, kitu kama hiki:

"Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili katika somo la mbinu za utafiti. Nataka kujua kama mavuno ya korosho yanaathiri mahudhurio katika shule za msingi mbili za Tandahimba, nikitumia madaftari ya mahudhurio ya Mei na Oktoba. Nimeambatanisha ukurasa mmoja. Naomba dakika 20 unionyeshe udhaifu wake. Nikirekebisha, naomba nikuletee tena baada ya wiki mbili."

Barua hiyo ina swali, ina ukurasa, ina muda, na inaahidi kurudi. Walimu wengi wakipata barua kama hiyo hufurahi kuliko unavyofikiri. Tumekaa miaka tukisubiri mwanafunzi anayetaka kuonyeshwa udhaifu.

Kama chuoni hapatikani, toka nje. Walio kwenye sayansi wana Naliendele karibu kabisa na mji, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, pia ufuta na karanga. Wana Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Mwanasayansi wa shambani huwa na kazi ya kupima na kuhesabu isiyoisha, na kijana anayejitolea wakati wa likizo hupokelewa. Ila jitolee kwa makubaliano: utafanya kazi yake ya kuhesabu, na yeye atakuruhusu uandike kurasa kumi kuhusu sehemu moja ya data, azisome. Bila kipengele hicho cha pili utakuwa kibarua tu, na tumeshakuwa vibarua wa kutosha pale Tendaguru.

Jambo hili nalo nalisema wazi kwa sababu wewe ni binti na mimi ni mtu mzima. Kukutana na msimamizi ni ofisini, saa za kazi, na mawasiliano ya kazi yabaki kwenye barua pepe au yawe ya kuonyeshika. Mtu yeyote akiifunga kazi yako na mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, ni jinai kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wapo Mtwara. Mwambie pia mwalimu mwingine unayemwamini, mapema, usisubiri ushahidi uwe mnene. Hakuna uzamivu wa thamani hiyo.

Na usinunue ripoti. Najua zinauzwa kwenye steshenari zikiwa zimebadilishwa jina la wilaya tu, na sasa kuna programu za akili mnemba zinazokuandikia kurasa 40 kabla chai haijapoa. Mwenzako akifanya hivyo atapata alama, huenda hata kukuzidi. Lakini kile ambacho ripoti ilikuwa imekusudiwa kumpa, hatakuwa nacho, na mbele ya jopo la usaili la uzamivu dakika tano zinatosha kumjua.

Vya kusoma utavipata. Uliza mkutubi kama chuo kimejisajili na Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia bure au kwa gharama ndogo. Majarida ya Kiafrika yako kwenye tovuti ya AJOL (African Journals Online), mengi bila malipo. Soma makala moja kwa wiki, lakini isome kwa kalamu: swali lao nini, walipimaje, wewe ungewauliza nini. Iandike kwa Kiingereza nusu ukurasa. Kiingereza cha kitaaluma hakiji kwa kukariri misamiati, kinakuja kwa kuandika kila wiki na kusahihishwa. Maelezo yako ya uwandani, kwa upande mwingine, yaandike kwa lugha uliyoyasikia, hata kama ni Kimakonde kitupu. Ukitafsiri papo hapo utapoteza nusu.

GPA yako ya 3.9 ni upper second, yaani daraja la pili la juu, na ni nzuri. Usiiache ishuke: matangazo mengi ya kazi za uhadhiri katika vyuo vikuu vya umma yanataka isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza, kwa hiyo unatembea karibu na ukingo. Semesta ukiwa uwandani, punguza safari, usipunguze masomo. Supu moja, yaani mtihani mmoja wa kurudia, inaweza kukugharimu mlango ambao hujaufikia bado.

Njia zenyewe zikoje baada ya hapo? Kwa hapa nchini, ni shahada ya umahiri (masters) kwanza, ndipo uzamivu. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya nako kwa kawaida watakudai umahiri. Marekani ni tofauti: vyuo vingi vinapokea mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na katika programu zenye fedha anasamehewa ada na kulipwa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Katika elimu fedha hizo ni chache kuliko katika sayansi, lakini katika jiografia zipo. Ada ya maombi baadhi ya vyuo huisamehe ukiandika kuomba. Upande wa umahiri, ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwenda Uingereza, ule wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, ambao una nafasi za kusomea hapahapa Afrika, na ule wa Mastercard Foundation, zote zimewahi kuwasomesha Watanzania wasio na mtu. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, soma tangazo la mwaka husika, usisome la WhatsApp.

Na wote hao, kutoka Arusha hadi Boston, watakuomba kitu kimoja: barua mbili au tatu za wadhamini wa kitaaluma. Barua ya mhadhiri anayekukumbuka kwa alama tu husema "alikuwa na bidii na nidhamu." Waombaji 200 wanazo barua hizo. Ya yule aliyekusoma itasema: "Alipogundua daftari haliaminiki baada ya saa nne, alirudi shuleni mwenyewe kuhesabu watoto." Jopo likifika kwenye sentensi hiyo linaacha kupekua. Barua hiyo haiombwi mwezi wa kuhitimu, inaanza kuandikwa siku unayopeleka ule ukurasa mmoja.

Utafiti ukikamilika, omba idara ikupe nusu saa uuwasilishe. Wakileta hata watu sita, inatosha. Kisha urudi Tandahimba na karatasi moja ya Kiswahili kwa walimu wakuu waliokufungulia makabati. Wale McNair wana mikutano mikubwa ya kuwasilisha kazi. Kamati ya shule iliyokaa chini ya mwembe itakuuliza maswali makali kuliko mkutano wowote, kwa sababu unawaambia habari za watoto wao.

Limebaki la baba, na nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo zito. Baba yako hajakosea. Ameuza korosho mpaka umefika hapo, labda msimu mmoja ameziuza kangomba, nje ya mnada, kwa bei ya kutupa ili upate nauli ya kuripoti chuo. Anapokuambia usaidie wadogo zako anakupa heshima, anakuhesabu kuwa nguzo. Usimjibu kwa neno "uzamivu", kwa sababu masikioni mwake ni miaka mingine mingi ya kumtegemea yeye. Mwambie mambo yanayopimika. Mwambie kwamba utamaliza mwaka wa tatu kama ilivyopangwa na hutaongeza hata semesta moja. Mwambie kwamba utaomba ajira ya ualimu kama wenzako, serikalini na shule binafsi, na wakati huohuo utatuma maombi ya masomo yenye ufadhili kamili tu, ambayo hayamgusi yeye kwa shilingi. Ukipata kazi kwanza, fundisha. Mwalimu wa miaka miwili kazini mwenye utafiti wake mdogo mkononi ni mwombaji mwenye nguvu kuliko mhitimu mtupu. Fanya hesabu naye waziwazi, ukikumbuka kwamba Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako, ili ujue cha kuahidi kwa wadogo zako kila mwezi na ukitimize.

Na siku ya kuhesabu vichwa shuleni, mwombe akusindikize kwa mwalimu mkuu. Katika vijiji vyetu mlango unaobishwa na mzazi ambaye ukoo wake unajulikana hufunguka upesi, na yeye ataona kwa macho yake kazi unayoisema ni ya namna gani. Ukurasa ule mmoja ukiwa tayari, nitumie na mimi. Nitausoma.